Jiwe Lisilosaga Karanga

Juzi asubuhi mama mmoja, mgeni hapa mtaani kwetu Nkuhungu, aliniletea ndoo ya kusaga. Mumewe amehamishiwa wizara mojawapo, nao wana mtoto mdogo aliyeanza kula. Nafaka zake alikuwa amezichagua na kuziosha vizuri: mahindi, uwele, mchele kidogo, soya, na juu kabisa karanga zilizokaangwa zikiwa bado na joto. Nikamwambia mashine yangu haisagi karanga.

"Dada, kwani karanga ni sumu ya panya?"

"Hapana, ni chakula kizuri sana. Ila kwenye mashine hii hazipiti. Zitwange nyumbani, uchanganye mwenyewe."

"Mimi nimeambiwa unga wa lishe bila karanga si unga wa lishe."

"Hujadanganywa. Ipo mashine nyingine mtaa wa pili, wao wanasaga kila kitu."

"Haya, Dodoma hata mashine zina masharti!" Akabeba ndoo yake akaondoka, anacheka huku amekasirika. Harufu ya karanga zake ilibaki mlangoni muda mrefu, nami nikasimama pale na ufagio mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Nilimaliza darasa la saba, na mengine nimejisomea, kitabu baada ya kitabu, penseli mkononi. Lakini kuhusu mtoto mwembamba ambaye vyakula vingi vimekatazwa kwake, na namna ya kumwongeza mwili bila kumdhuru, nilianza kujifunza kabla sijajua kusoma. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Tulikaa Haneti. Wenzangu mliokulia upande ule mnajua nyumba ilivyokuwa baada ya mavuno: karanga juu ya paa la tembe zikianikwa, karanga kwenye ungo, karanga zikirukaruka ndani ya chungu cha mchanga wa moto, maganda yakilia chini ya miguu kuanzia mlangoni mpaka zizini. Mlenda ulitiwa karanga, majani ya kunde yalitiwa karanga, na uji wa asubuhi nao pia. Bibi yangu, mama yake baba, alisema mboga isiyo na karanga ni maji ya moto. Mimi nilizaliwa katikati ya neema hiyo, na mwili wangu ukaikataa.

Nilipokuwa na miaka mitatu, nilipewa karanga nne za kukaanga, midomo ikavimba mpaka jicho moja likafumba. Tangu hapo nikakatazwa karanga. Hilo lilijulikana na ukoo mzima. Jambo lisiloeleweka ni kwa nini niliendelea kuumwa. Mdomo uliniwasha nikiwa nakula ugali. Tumbo lilinisokota. Siku mbili nikiwa mzima, ya tatu natapika. Binamu zangu waliniita Njiti. "Njiti, usisogee motoni, utawaka!" walinipigia kelele, nami nilisogea mbali kweli, kwa kuwa niliamini.

Basi watu wazima wakaanza kutafuta mkosaji. Shangazi alisema ni mayai, yakaondolewa mayai. Jirani akasema mtoto anayetapika hapewi maziwa, yakaondolewa maziwa. Baba mwenyewe alishuku kunde, kwa sababu usiku mmoja niliumwa baada ya kula kunde. Dagaa wakafuata, kisha nyama ya mbuzi. Kila nilipotapika kitu kimoja kiliondoka, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Nilipokuwa na miaka mitano na miezi kadhaa, nilikuwa nimebakiwa na uji wa uwele, ugali wa uwele, na mlenda uliopikwa kwa maji na chumvi. Leo nikiiangalia orodha hiyo naliona kosa waziwazi. Tulikuwa tukivihukumu vyakula vilivyoondoka, wakati ugonjwa ulikuwa umekaa ndani ya kile kilichobaki.

Aliyeliona ni nesi wa zahanati, Nesi Mwajuma, mwanamke mfupi wa kutoka milima ya Kondoa, mwenye mtandio uliofungwa kidevuni na sauti ya mtu asiyependa kurudia swali. Mama alikuwa akinipeleka kwake kila mwezi. Siku hiyo nilipanda mizani, akasogeza kile chuma kidogo mbele na nyuma, akainama, akasogeza tena.

"Kilo kumi na tatu. Mwezi uliopita ilikuwa kumi na tatu na robo. Mama Yudita, huyu anarudi nyuma."

Mama akanishusha kwenye mizani.

"Mwezi ujao nikiona imeshuka tena, naandika barua, akalazwe mjini. Sitasubiri mwingine. Haya, niambie anakula nini, tangu anapoamka."

Mama akataja. Haikuchukua muda.

"Basi? Hata mfungwa anapata maharage. Na huo unga mnasagia wapi? Mashine ya kijiji si imesimama?"

"Nyumbani. Kwenye jiwe la mama mkwe."

"Na karanga za mboga yenu, mnasagia wapi?"

"Hapohapo," mama akasema, kisha akaweka mkono mdomoni.

Nesi Mwajuma aliweka kalamu chini. Nakumbuka hakumkaripia. Alimweleza polepole, kama anayempa mtu njia ya kufika mahali. Mtoto apate jiwe lake, chungu chake, mwiko wake, bakuli lake. Anayempikia anawe mikono kwa sabuni kwanza. Vyakula vilivyofukuzwa virudi, lakini kimoja kimoja, siku nne kila kimoja, ili kama kipo kinachomdhuru kijulikane kwa jina. Ale mara tano kwa siku badala ya mara mbili, na kila anachokula kitiwe kijiko cha mafuta ya alizeti. "Karanga peke yake ndiyo hamjaribu tena," akasema. "Hiyo imeshajibu."

Ugumu wa maneno hayo hauwezi kueleweka na mtu asiyelijua jiwe la bibi. Jiwe lile alipewa na mama yake alipoolewa. Katikati lilikuwa limelika likawa na bonde laini, linang'aa kama ngozi ya goti. Halikuoshwa kwa maji hata siku moja. Bibi alilifuta kwa kiganja na pumba, na mafuta ya karanga yakazidi kuingia ndani, msimu juu ya msimu. Huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Mwanamke aliyeosha jiwe lake alihesabiwa kuwa hajui kusaga. Na unga wangu, mjukuu mgonjwa, bibi aliusaga yeye mwenyewe, hakumwachia mtu, kwa sababu alinipenda.

Mama alingoja bibi amalize kula, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nesi amesema unga wa Yudita usisagwe kwenye jiwe la karanga."

"Jiwe lipi hilo?"

"Hilo lako, mama."

Bibi aligeuka akalitazama, kama vile lingeweza kujitetea. "Jiwe hili limelea watoto saba. Mume wako amelelewa na jiwe hili. Leo ndilo linalommaliza mjukuu wangu?"

"Hakusema hivyo. Amesema mafuta ya karanga yameingia ndani, hayatoki."

"Ni lazima yaingie. Yasipoingia, jiwe gani hilo?" Kuku walipita kati yao. Baba, aliyekuwa akisokota kamba mlangoni, aliinamisha kichwa asije akaulizwa. Bibi akajifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, akavitazama viganja vyake pande zote mbili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa nimsagie wapi?"

Kesho yake baba alikwenda mlimani na mzee mmoja mjuzi wa mawe. Walirudi na jiwe la kijivu lenye ukubwa wa mto wa kulalia, likachongwa siku tatu uani, cheche zikiruka. Jiwe jipya hutoa mchanga, hivyo bibi alilisagia pumba kwanza, akawamwagia kuku, akasaga tena, mpaka akaweka unga kwenye ulimi na kuitikia kwa kichwa kwamba sasa haukwaruzi menoni. Mama alinunua chungu kipya na bakuli la bati lenye ua jekundu. Watu wazima walikuwa wamefanya kila walichoagizwa, tena vizuri. Walisahau jambo moja tu. Hakuna aliyenieleza mimi.

Na mimi nilikuwa na maelezo yangu. Mwaka uliotangulia, Mzee Chilewa, jirani yetu, aliugua kifua. Wakamtengea kikombe. Baadaye bakuli, kijiko, na kigoda cha kukalia peke yake karibu na ukuta. Tukaambiwa tusiguse vitu vyake. Haukupita muda akafa, na bakuli lake likatupwa korongoni, ambako sisi watoto tulilipita tukikimbia. Kwa hiyo nilipoona chungu changu, nilihesabu moja. Bakuli, mbili. Mwiko, tatu. Mzee Chilewa hakupewa jiwe. Nikajua mimi naumwa kuliko yeye.

Nilikuwa mtoto mwenye mpango, na mpango wangu ulikuwa huu: nisipokula kwenye bakuli la kufia, sitakufa. Nikawa nabeba uji wangu nyuma ya zizi na kuwamwagia kuku, ambao kwa kweli walinawiri. Mama aliona bakuli tupu akafurahi. Siku ya tatu njaa ilinishinda. Adhuhuri, wenzangu walipokaa kuzunguka chungu cha mlenda, nilijipenyeza katikati, nikamega tonge, nikachovya. Nilitaka kula na walio hai.

"Njiti, si umekatazwa wewe!" binamu mmoja akasema, lakini nilikuwa nimeshameza matonge matatu.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa vipande. Ulimi ukawa mkubwa kuliko mdomo. Kanga ya mama usoni. Baba akiendesha baiskeli kwa kusimama, mimi nimefungwa mgongoni kwake, nikisikia pumzi zake na zangu, zangu zikiwa na mluzi. Sindano ya Nesi Mwajuma sikuisikia. Nilisikia hewa ikirudi, baridi, kama maji ya mtungi.

Nilipoweza kusema, nesi aliketi kitandani. "Yudita, unajua karanga zinakuumiza. Kwa nini ulikula?"

"Sitaki kufa kama Mzee Chilewa."

"Nani kasema utakufa?"

"Wamenipa bakuli."

Baba, ambaye huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, alitoka nje akasimama akitazama baiskeli. Mama alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, akanikumbatia mpaka nesi akamwambia amwache mtoto apumue.

Nadhani walimweleza bibi walipofika nyumbani, maana kesho yake mchana alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Bibi alikuwa akila na mashemeji zake wazee, kwenye sahani yao. Siku hiyo alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akachukua kigoda chake, akapita mbele ya wazee wenzake, akaja kukaa mbele ya bakuli langu la ua jekundu.

"Sogea, mke mwenzangu," akaniambia. Hivyo ndivyo alivyonitania siku zote, kwa kuwa babu alikuwa mume wetu sote.

"Bibi, hili ni la mgonjwa."

"Nani mgonjwa? Mimi nina njaa." Akamega ugali wangu, akachovya kwenye mlenda wangu usio na karanga, akatafuna, akakunja uso. "Maji ya moto," akasema. Akamega tena. "Haya kula. Kama ni kufa, tutakufa tumeshiba."

Nikacheka. Nikala. Alikula na mimi mchana huo, na jioni, na siku iliyofuata, masika yote mpaka mavuno. Mwanamke ambaye hakuwahi kupika mboga bila karanga aliziacha kabisa, asije akanigusa akiwa nazo mkononi. Jiwe lake la zamani aliliachia wake wa wanawe. Sikumsikia akilitaja tena.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu, na utaratibu huo umenifaa katika mambo mengi tangu siku zile. Bibi hakujua kuandika, kwa hiyo alichora kwa mkaa ukutani, karibu na mlango. Duara lilikuwa yai. Nukta tatu, kunde. Mstari mfupi wenye mkia, dagaa. Chini ya kila picha aliweka alama nne, siku nne, na kila jioni aliniuliza, "Mdomo unawasha? Tumbo je?" Nikijibu hapana, alikata alama moja. Yai lilirudi salama. Kunde zikarudi, dagaa wakarudi, nyama ikarudi. Maziwa mabichi yaliniumiza tumbo kidogo, mtindi haukuniumiza, basi tukachukua mtindi. Ufuta tuliuogopa, kwa hiyo tuliujaribu mwishoni kwa ruhusa ya nesi, asubuhi, palepale kwenye benchi la zahanati, ncha ya kijiko tu. Haukunifanya kitu. Siku hiyo bibi alisaga ufuta kwenye jiwe langu mpaka ukawa rojo, akautia kwenye mlenda, akaonja, akafumba macho. Hakusema maji ya moto.

Watu huniuliza sasa, wakijua nimelishughulikia jambo hili, mtoto wa namna hiyo anenepeshwe vipi. Nawajibu kwa yale tuliyofanya. Sukari na soda hujaza tumbo na kuacha mwili ulivyokuwa. Uji uwe mzito wa kushikana na kijiko. Maji mengi yangoje mpaka chakula kiishe, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Kijiko cha mafuta kwenye ugali hakimchoshi kutafuna, na kwa mtoto aliyedhoofika kina faida kubwa kuliko tonge la pili. Ale kidogo, mara nyingi, akiwa na mtu anayekula naye. Mizani isomwe kwa mwezi, maana kwa siku itakudanganya. Na kabla ya kuondoa chakula chochote kwenye maisha ya mtoto, nenda kwa mwenye ujuzi, na uulize pia kimesagwa wapi, kimepikwa kwenye nini, kwa mkono wa nani. Na jambo moja zaidi, ambalo sijalikuta kwenye vitabu vyangu: mweleze mtoto.

Barua ya kulazwa haikuandikwa. Mwezi wa kwanza mizani ilisimama palepale, na nesi akasema kusimama si kushuka. Mwezi wa pili ikapanda robo tatu. Nywele zangu, zilizokuwa zimepauka, zilianza kurudi nyeusi. Binamu zangu walitafuta jina jingine, wakashindwa kukubaliana.

Wakati wa mavuno bibi alisema safari hii anakwenda mwenyewe. Kwa hiyo tulikwenda watatu, mama amenibeba mgongoni kama miezi yote iliyotangulia, bibi nyuma na fimbo yake. Zahanati ilijaa akina mama. "Mbukwenyi," bibi aliwasalimia kwa Kigogo, nao wakaitikia, wakampisha mbele.

"Shikamoo, bibi," nesi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mke mwenzangu umpime."

Nilipanda. Chuma kilisogezwa, kikapita pale kilipozoea kusimama, kikaendelea. Nesi Mwajuma alinishusha, akanipandisha upya, akasoma mara ya pili.

"Kumi na tano na nusu."

Mama alishika ukingo wa meza.

"Hiyo ni nini?" bibi akauliza. "Mimi kilo sizijui. Ni nyingi?"

"Bibi, ni nyingi kwa mtoto huyu. Amevuka."

Bibi hakutosheka. Akaweka fimbo yake chini, akainama, akaniambia nipande mgongoni kwake. Akaninyanyua kwa mguno, akapiga hatua kuelekea mlangoni, moja, mbili, tatu, akina mama wote wakimtazama. Hapo akasimama, akapinda magoti, akanishusha kwenye kizingiti.

"Kunja kanga yako," akamwambia mama. "Huyu habebeki tena."

Mama akaikunja, akaiweka kichwani. Nami nikatangulia njiani.